Pindo la Chandarua

Yunis, mama yangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, asubuhi hii umenipita hapo mlangoni na kipande cha kiazi mdomoni, mama yako anakuhimiza kwamba gari litawaacha. Mmekwenda Miyuji kumuaga shangazi yako na kununua godoro na ndoo, na mtarudi jioni. Kesho alfajiri unapanda basi la Kigoma. Kwa hiyo ninao mchana huu mmoja tu, pamoja na karatasi nilizochomoa kwenye daftari lako la zamani la hisabati, utanisamehe. Nimekaa kwenye kibanda cha shambani juu ya kreti la zabibu. Nyumbani naogopa mtu akija atauliza naandika nini.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia usinunue vitu dirishani, usimwachie mtu begi, ukifika upige simu hata kama ni usiku. Na mimi nikianza itakuwa kelele. Wewe mwenyewe ndiye unayetukumbusha sisi mambo ya nyumba hii tangu una miaka kumi, na hapo ndipo penye maneno yangu.

Nataka kuzungumza juu ya yale uliyoyasema jana.

Watu wa jumuiya walipomaliza kukuombea, wakakuambia na wewe useme neno. Ukasimama pale katikati ya uwanja na lile gauni la maua. Nilidhani utashukuru ukae. Ukasema unakwenda kusomea uuguzi kwa sababu ya mdogo wako Elia. Ukasema alikufa kwa malaria kwa uzembe wako, kwamba wewe ndiye uliyekianika chandarua juani kikasinyaa, na kwamba umemwahidi Mungu utalipa. Watu wakaguna, mchungaji akaitikia amina, mama mmoja akatoa leso. Mimi nilikuwa karibu na pipa la maji, nimeshika soda. Nilifungua mdomo niseme. Mungu ananiona, nilifungua. Halafu nikainywa ile soda.

Mama, chandarua hakikusinyaa. Nilikikata mimi.

Nimeliandika. Nimeliangalia hapo juu kwenye karatasi kwa muda mrefu na wala mbingu hazijaanguka. Sasa ngoja nikueleze lilivyokuwa, usije ukasema baba amezeeka anataka kunibebea mzigo tu. Hapana. Huu mzigo ni wangu tangu mwanzo, nilikutwisha.

Unakumbuka mama yako alikuwa Kibakwe anamuuguza mama yake. Alituacha watatu, mimi, wewe na Elia, na Bibi yako nyumba ya pili. Ilikuwa kifuku, mvua imenyesha vizuri mwaka ule kuliko miaka mingi, bwawa limejaa mpaka limemeza bustani za watu wa chini. Na wewe unayajua mambo ya hapa Hombolo. Mvua ikiwa nzuri zabibu zinakuwa nzuri, na zabibu zikikaribia kuiva ndege nao wanazipigia hesabu. Na mbu hawabaki nyuma. Vyote vinakuja pamoja, huwezi kupokea kimoja ukavirudisha vingine.

Mwaka ule ulikuwa wa kwanza kwa mizabibu yangu kuzaa sawasawa. Nilikuwa nimeipanda mwenyewe, nimechimba mashimo kwa mikono yangu, watu wakinicheka kwamba Lazaro anapanda kuni. Sasa vishada vinaning'inia hivi, na kila asubuhi nakuta ndege wamedonoa mstari mzima wa kando ya mfereji. Zabibu ikishadonolewa inachacha, inaita nyuki, inaharibu na ya jirani yake. Nilitundika makopo, nilitundika mkanda wa kaseti, niliuvisha mti shati langu nikaufanya mtu. Ndege wakaja wakatua begani kwa huyo mtu. Nilikuwa na hasira, Yunis, hasira ya kijinga ya mtu anayeshindwa na kitu kinachotosha kwenye kiganja.

Jumamosi hiyo wewe ulifua. Mama yako kabla hajaondoka alikuagiza ukifue kile chandarua chenu, cha kitanda mlichokuwa mnalala wewe na Elia. Ulikifua kwa sabuni ya mche, ukakitandaza juu ya uzio wa minyaa, halafu ukaenda bwawani kuchota maji, Elia nyuma yako anaburuza kidumu chake. Mimi nikaja mchana kuchukua panga. Nikakikuta pale, cha bluu, kikavu, upepo unakitikisa. Nikasimama.

Nilichofikiria nakikumbuka neno kwa neno. Nilisema, hiki ni kirefu mno. Nilisema, sehemu yote ile inayochomekwa chini ya godoro inakaa tu bure. Hebu ona akili ya mtu mzima! Ile sehemu inayochomekwa ndiyo chandarua chenyewe. Bila hiyo una pazia tu linaloning'inia. Lakini siku ile niliona nguo iliyozidi, nikaenda ndani nikachukua kisu.

Nilikata kuzunguka pande zote nne, kiasi cha mkono mmoja kutoka chini. Nilipata kipande kirefu chembamba, kinatosha kufunika ule mstari wa kando ya mfereji. Kisha nikaona mkato unaachia nyuzi, mama yako akirudi atajua. Nikawasha kibatari mchana kweupe nikaupitisha mkato wote kwenye moto, taratibu, kama nilivyowahi kuona mafundi wakifanya kwenye kamba za nailoni. Ukajikunja. Ukawa mgumu, umefanya vinundu. Nikakirudisha juu ya uzio kama nilivyokikuta.

Nitakuambia na lile ambalo hata leo nikiwa peke yangu napita mbali nalo. Chandarua changu na mama yako kilikuwepo, kizima. Sikukigusa, kwa sababu mama yako angekitambua siku ya kwanza. Na usiku ule nilikwenda nacho shambani kulinda, nikakifunga hapa hapa kwenye kibanda hiki, nikalala ndani yake salama. Asubuhi nikaamka sina hata alama moja.

Lakini kabla sijaondoka jioni hiyo ulikuwa umetandika. Nikakusikia ndani unahangaika. Ukatoka mlangoni ukasema, "Baba, hakifiki."

Nikasema, "Hakifiki nini?"

"Chandarua. Navuta huku, kule kinatoka. Hakifiki chini ya godoro."

Hapo ndipo ningesema. Ulikuwa na miaka kumi, ungeelewa. Ningesema nimekikata, njoo tulale wote kwenye changu. Ingekuwa aibu ya dakika mbili. Badala yake nikakuuliza ulikianika wapi. Ukasema kwenye minyaa. Nikasema, "Ndiyo maana. Kimesinyaa kwa jua. Si mnaambiwa shuleni kianikwe kivulini?" Ukainamisha kichwa. Ulikuwa umeambiwa kweli shuleni, na kosa ulilijua, kwa hiyo uongo wangu ukapata pa kukaa. Nikakuambia uvute tu, kitafika.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Kijiji kilikuwa kimeweka sheria, atakayekutwa amezungushia chandarua bustani au banda la kuku analipa faini, na Mama Rehema mhudumu wa afya alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Niliogopa hilo. Lakini si hilo tu. Nilikuwa baba, nilishazoea kwamba nikisema neno ndani ya nyumba ile, hilo ndilo lililotokea. Hakuna aliyenifundisha jinsi baba anavyosema nimekosea. Baba yangu hakuwahi kulisema, na mimi nilidhani ni kwa sababu hakukosea.

Kila jioni, Yunis, kwa zaidi ya wiki mbili, nilikuona unavuta. Ulijaribu kuweka mawe kwenye pembe. Ulijaribu kukichomeka upande wa Elia vizuri na wako ukauacha wazi. Nililiona hilo. Nilikuona umelala umejipanga kama ukuta kati ya mdogo wako na ule upande ulioachia, nikasema moyoni, huyu mtoto ana roho nzuri. Halafu nikaenda shambani.

Alhamisi Elia akaamka ana joto. Sikumpeleka zahanati. Nilikuwa na dawa. Unakumbuka wakati wa Krismasi ulipougua wewe, ukapewa dawa mseto ya siku tatu, siku ya pili jioni ukawa unaruka kamba, nikasema basi, amepona, hizi zilizobaki tuweke akiba. Kila nyumba hapa ilikuwa na akiba ya namna hiyo, kwenye kopo juu ya ukuta, pamoja na sindano za kushonea na risiti. Zilikuwa zimebaki nne. Nikampa Elia. Hazikuwa za kumtosha, ila mimi sikuwa nafikiria kutosha, nilikuwa nafikiria kwamba nimeokoa safari. Ijumaa joto likashuka, akaomba mlenda, akala. Nikajisifu mbele ya Bibi yako. Nikasema mimi ni daktari wa hapa.

Jumamosi gari la mnunuzi lilikuwa linakuja, tukawa tunakata zabibu tangu alfajiri. Saa nane mchana ukaja unakimbia, hukuvaa hata ndala. Ulisimama pale mwisho wa mstari, unahema, ukasema, "Baba, Elia amechemka tena. Anasema kichwa, na uji ameutapika." Nikasema, "Mpe maji, mpanguse, nakuja." Ukasema, "Baba, njoo sasa." Nikasema nakuja. Ukaondoka unageuka nyuma. Nikamaliza mstari. Nikaanza mwingine. Nilifika nyumbani jua limeshazama, na alikuwa amelala, nikasema tusimwamshe, kesho asubuhi tutampeleka.

Asubuhi ikaja na degedege. Wewe ndiye uliyepiga kelele. Nilimkuta amekaza mwili, macho yamepanda, na Bibi yako ameshaingia. Bibi hakuwa mtu mbaya, alifanya alilofundishwa na mama yake. Alisema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, kwamba kwanza afukizwe moshi itoke. Na mimi, ambaye juzi nilikuwa daktari, nikamletea makaa. Tulimfukiza. Alitulia, tukashukuru, halafu ikamrudia. Ulikuwa umesimama mlangoni unasema hospitali, hospitali, hospitali, kwa sauti ndogo, na hakuna mtu mzima aliyekusikiliza.

Nilipopata bodaboda jua lilikuwa juu. Nilimshika Elia kifuani, katikati yangu na dereva. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpokea akakimbia naye ndani, akarudi akaniuliza maswali haraka haraka. Ameugua lini, amepewa dawa gani. Halafu akauliza, "Analala kwenye chandarua?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akaandika ndiyo. Kabla ya adhuhuri Elia alikuwa ameondoka.

Mazishi unayakumbuka, siyarudii. Mama yako alifika kutoka Kibakwe akiwa tayari ameshaambiwa njiani, ameshikiliwa huku na huku. Siku hiyo hiyo, watu wakiwa wanachimba kaburi, nilikwenda shambani nikakitoa kile kipande kwenye mizabibu nikakichoma moto. Kilichobaki kitandani nikakitoa nikakifutika. Nilisema Bibi amekichoma pamoja na matandiko ya marehemu.

Siku ya tatu wazee walikaa, na Mama Rehema akaja na daftari lake. Alikuja kwa upole, hakuja kukamata mtu. Akauliza mtoto alikuwa analala vipi. Watu wote wananitazama mimi. Mama yako ananitazama. Na mimi nikasema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Chandarua kilikuwepo. Yunis ndiye mwenye kazi ya kukichomeka. Alikifua akakianika juani, kikasinyaa."

Sikukutazama wakati nasema. Nilitazama miguu ya Mama Rehema. Nikasikia umepiga magoti. Ukasema, "Nisameheni. Ni kweli nilikianika juani." Mtoto wa miaka kumi. Bibi yako akasema mtoto hana kosa, ni kazi ya Mungu, na watu wakasema ndiyo, ni kazi ya Mungu. Kwa hiyo ukasamehewa, Yunis. Ulisamehewa na uwanja mzima kwa kitu nilichokifanya mimi. Na mtu aliyesamehewa hana tena pa kukatia rufaa.

Tangu usiku ule ukaanza kuzunguka. Unazunguka vitanda vyote na kuchomeka, kwetu, kwa Bibi mpaka alipofariki, kwa wageni. Mjomba wako alipolala sebuleni ukamchomekea mpaka akashindwa kutoka kwenda chooni. Tulicheka, na mimi nilicheka. Usiku mmoja uliingia ukaniinua mguu wangu uliotoka nje, ukaurudisha ndani, ukachomeka. Ulidhani nimelala. Nilikuwa macho, na niliuma shuka.

Nimejaribu kukuambia. Usidhani sikujaribu. Ulipokuwa kidato cha pili nilikusindikiza kituoni na begi lako, nikasema Yunis, nataka nikuulize kitu. Ukasema nini baba. Nikasema, umekula? Ulipomaliza kidato cha nne na matokeo yakatoka, nikakuita hapa shambani. Ukakaa kwenye kreti hili hili. Ukasema, baba kuna nini? Nikasema, nilitaka kujua kama umekula. Ukacheka, ukasema baba wewe mtu akikuona atadhani nyumba hii ina njaa. Mama, kila nilipokuuliza umekula, lilikuwa ni hili.

Na kila mwaka liliongezeka uzito badala ya kupungua. Ulikuwa unataka ualimu. Ulikuwa unapanga magunzi ukutani unayafundisha, unamchapa mmoja mwenye kelele. Baada ya Elia sikusikia tena habari ya ualimu. Nilipoona umejaza fomu ya uuguzi nilijua ni nani aliyekushika mkono wakati wa kuijaza.

Sasa nimekaa hapa na sijui ninafanya jema au baya. Nisipokuambia utakwenda na mzigo wangu, utausomea, utaufanyia kazi mpaka uzeeke. Nikikuambia, huenda nikakata mguu wa meza iliyokuwa inakubeba. Huenda ukafika Kigoma ukasema, mimi hapa nafanya nini? Na binti niliyenaye leo, yule anayenirudishia mguu ndani ya chandarua, huenda nisimwone tena. Nimeligeuza pande zote, nimeona hakuna upande usiouma. Ningekuwa mtu wa maana ningelifanya hili miaka kumi na moja iliyopita, wakati linauma kidogo.

Nilichofanya baada ya Elia unakijua, ulinisaidia mwenyewe. Tuliziba ule uwazi kati ya ukuta na bati kwa udongo. Tuliweka nyavu madirishani. Nilifukia mashimo yote ya shambani yanayotuama maji, mpaka zile nyayo za ng'ombe kando ya mfereji nilizijaza mchanga, watu wakasema Lazaro amechanganyikiwa. Dawa siku hizi inamezwa mpaka kidonge cha mwisho, na kopo la akiba nililitupa chooni. Na bado mwaka juzi mama yako aliugua akalazwa. Bwawa lipo pale, Yunis. Nalitazama hapa nilipo. Jua likizama wanatoka huko kwa maelfu, na mimi nina koleo moja. Mtu anaweza kufanya yote yanayotakiwa na bado asitoshe, hilo nimelikubali. Ila mimi siku ile sikufanya yanayotakiwa nikashindwa. Nilikata yaliyokuwa yameshafanywa na mama yako na wewe.

Sina mawaidha. Mtu wa namna yangu akianza kutoa mawaidha, hata mbuzi watamcheka. Ila nina ombi moja kwa huyo muuguzi utakayekuwa, kama bado utataka kuwa. Atakuja mbele yako mwanamume na mtoto kifuani, amevaa shati la shambani. Utamuuliza, analala kwenye chandarua? Atasema ndiyo, na hatakuwa amesema uongo wote. Usiandike ndiyo ukaishia hapo. Muulize kinafika chini ya godoro? Kama yuko kijiji cha karibu, nenda ukalishike pindo kwa mkono wako. Na ukilikuta limekatwa, usimfokee mbele ya watoto wake. Mpeleke pembeni umpe nafasi aseme. Mimi ningepewa nafasi huenda ningesema. Sina hakika, lakini huenda.

Mama yako hajui. Nitamwambia kesho, tukitoka kukusindikiza, kabla hatujafika nyumbani. Atafanya atakalofanya. Nimeandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma, kwa kuwa ukipiga simu jioni utamuuliza, na nitakuwa nimechelewa kunywa soda nyingine.

Sikuombi unisamehe. Nimeona jinsi ulivyosamehewa wewe, haikukusaidia kitu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa raha zako, na muda mrefu upendavyo. Ukinyamaza mwaka mzima nitaelewa. Kitu kimoja tu nisichokubali ni uendelee kusimama katikati ya viwanja vya watu ukijisema vibaya. Na ukiona bado ualimu unaita, bado u mdogo, mama. Magunzi yapo.

Nasikia sauti barabarani, nadhani ni nyinyi. Namalizia.

Chini kabisa ya begi lako, chini ya zile kanga, nimeweka mfuko wa salfa, ule wa dawa ya mizabibu. Usiogope harufu. Ndani kuna kile chandarua chenu. Sikuwahi kukichoma, nilikificha juu ya dari la stoo miaka yote hii, na sijui kwa nini, ila leo naona nilikuwa nakutunzia wewe. Mama yako amekununulia kipya, hicho ndicho cha kulalia. Hiki ukifika, ukipewa kitanda chako, kitundike mara moja tu. Pitisha vidole kwenye pindo, utasikia vile vinundu vya moto wa kibatari, pande zote nne. Jua halifanyi hivyo. Kisha jaribu kukichomeka, vuta huku, vuta kule, weka hata mawe, wewe ni mtu mzima sasa na mikono yako ni mirefu.

Hakifiki, mama. Uliniambia siku ya kwanza kwamba hakifiki.

Baba yako,
Lazaro